Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rampu, Mbavu Zilizobomolewa na Suala la Ada

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote: mliofika, mliotuma udhuru, na wale ambao hata udhuru hawakutuma.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya shughuli kila mwisho wa mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Mafunzo ya wanaoanza yaliendelea kila Jumamosi. Kofia ngumu na vikinga magoti vilihesabiwa mara mbili. Kamati iliitisha vikao sita, viwili vikavunjika kwa kukosa akidi. Mashindano hayakufanyika kwa sababu hapakuwa na pa kufanyia, na hiyo ndiyo sababu ya kujenga rampu ya mbao ya kuchezea ubao wa magurudumu (skateboard), na ndiyo sababu taarifa hii karibu yote inahusu rampu.

Rampu imesimama. Ina kimo cha mita 1.8 pande zote mbili, upana wa mita 4.88, sakafu bapa ya katikati yenye mita 3.66, na mpindo wenye nusu kipenyo cha mita 2.4. Majukwaa ya juu yana kina cha mita 1.22 kila moja, na vizuizi vya nyuma na pembeni vina kimo cha mita 1.1. Zimeingia plaiwudi 12 za milimita 18 kwa hesabu ya awali, pamoja na 3 ambazo nitazieleza. Plaiwudi 34 za milimita 9. Mbao za mbili kwa sita 60 na za mbili kwa nne 50 ukiacha za majukwaa. Vipande 17 vya uso wa juu wa milimita 6. Mabomba mawili ya chuma. Na skrubu zaidi ya 2,000. Anayetaka kuhesabu upya aje na kalamu yake.

Kipimo cha mita 2.4 nilikipendekeza mimi, na nafurahi kuona waliokipinga sasa ndio wanaoshinda huko juu. Nusu kipenyo ikilingana na kimo, mwisho wa juu unakuwa ukuta wima. Kwa kimo cha mita 1.8, ukichora mpindo wa mita 2.1 ukingo unafika nyuzi karibu 82, mkali mno kwa wanachama wetu wengi. Ukichora wa mita 3 unapata nyuzi 66 hivi, mteremko wa kupoa, na kila upande unakula nafasi ya mita 2.75. Mita 2.4 inatoa nyuzi 75 na nusu na inakaa ndani ya mita 2.32. Sakafu bapa nayo ilijadiliwa sana. Ikiwa fupi, mtu hapati muda wa kupanga miguu kabla ya upande wa pili. Ikiwa ndefu, mwendo unamwishia njiani. Plaiwudi tatu zilizolazwa kwa upana wake zinatosha, na hakuna kipande kinachopotea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa barazani kuliko lilivyosemwa kikaoni: kubomolewa kwa upande wa mashariki.

Kila upande umebebwa na mbavu nne za plaiwudi ya milimita 18, mbili kwa kila kiunzi, na viunzi ni viwili vya mita 2.44 vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Ubavu mmoja unakula plaiwudi nzima. Plaiwudi ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo haifiki kimo chote. Kilichobaki juu, kama sentimita 67, kinakatwa kwenye pembe inayobaki upande wa ndani wa mpindo, kisha kinaungwa kwa kiraka cha plaiwudi ileile nyuma ya maungio. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Kosa lilikuwa kwenye kuchora. Mbavu za mashariki zilichorwa kwa kamba ya nailoni iliyofungwa msumarini, penseli ikiwa upande wa pili. Kamba inavutika. Anayechora akianzia chini anavuta taratibu, akifika juu mkono umechoka na penseli inaegemea, kamba inarefuka kwa sentimita mbili tatu, na mstari unaotoka hapo si sehemu ya duara moja tena. Tena kila ubavu ulichorwa peke yake, na kila mmoja kwa mkono wa mtu mwingine. Viunzi viwili viliposimamishwa ubavu kwa ubavu, mbao iliyonyooka ikilazwa juu yake, tulikuta tofauti ya milimita 15 sehemu za juu. Wakati huo kiunzi kimoja kilikuwa kimeshavikwa tabaka la kwanza la plaiwudi, kwa sababu kuna watu wana haraka.

Niliamua tubomoe. Mbavu tatu ziliwekwa kando, ule mmoja uliokuwa sahihi ukabaki, na tukanunua plaiwudi tatu mpya. Hizo ndizo zile 3. Plaiwudi za milimita 9 zilifunguliwa na kurudishwa, hakuna iliyopotea. Mbavu zilizokataliwa zimetoa viraka vya maungio vya upande wa magharibi, kwa hiyo wanaosema zilitupwa jalalani hawakuja kuangalia.

Imesemwa kwamba ingetosha kuchomeka vipande vya mbao chini ya plaiwudi mpaka pande zilingane. Nimelitafakari wazo hilo kwa heshima zote. Tofauti ya milimita 15 ilikuwa juu tu na ilipungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kila moja ya mbao 18 zilizolala katika kiunzi ingehitaji kipande chenye unene wake. Skrubu ingepita plaiwudi, ingepita kipande, ndipo ishike mbao. Kila anayetua anapiga plaiwudi, plaiwudi inapiga kipande, kipande kinalegea, na baada ya miezi michache vichwa vya skrubu vinaanza kuchungulia. Hata vipande vikikaa imara, mpindo unabaki na sehemu bapa katikati. Mwendo wa rampu unatokana na kuchuchumaa kwenye bapa na kujinyoosha ndani ya mpindo. Mpindo ukivunjika katikati, mtu anasukuma hewa.

Imesemwa pia kwamba milimita 15 ni kidogo. Magurudumu yanayotumika sana kwenye rampu yana kipenyo cha milimita 54 hadi 60. Kizingiti cha milimita 15 ni zaidi ya nusu ya kimo cha ekseli ya gurudumu la 54. Gurudumu linasimama hapo na mwenyewe anaendelea na safari. Nadhani hilo halihitaji kikao.

Kuhusu kikao, kwa sababu najua litaulizwa: nilikiitisha Ijumaa. Walikuja watatu. Akidi ni kumi na wawili. Mbavu zilikuwa wazi, mawingu yametanda, na plaiwudi ikinyeshewa kwenye kingo zilizokatwa inavimba na matabaka yake yanaachana. Niliamua kwa mamlaka ya mwenyekiti, na kama mwenyekiti mwingine angesubiri akidi, leo tungekuwa tunajadili kuni.

Na waliosema kwamba kamba ilikuwa yangu hawakukosea. Ilikuwa yangu. Niliileta kwa ajili ya kunyooshea msingi, kazi ambayo kamba inaifaa. Sikuileta ya kuchorea.

Kwa faida ya kumbukumbu, hivi ndivyo mbavu zilivyochorwa upya, na ndivyo zitakavyochorwa siku zote chini ya uongozi huu. Plaiwudi inalazwa chini mahali tambarare. Kutoka kona ambako mpindo unaanzia inapimwa mita 2.49 kwa pembe mraba, na umraba unahakikiwa kwa pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5. Ile 2.4 ni ya mpindo, na sentimita 9 za ziada ni kimo cha mbao za sakafu bapa, ambazo ubavu lazima ulingane nazo. Hapo unapigwa msumari. Badala ya kamba kunatumika mkono wa mbao nyembamba iliyonyooka, wenye tundu la msumari upande mmoja na tundu la penseli mita 2.4 kamili upande wa pili. Sehemu ya juu inachorwa kwa mkono huohuo, msumari haujang'olewa. Ubavu wa kwanza unakatwa nje kidogo ya mstari, unasawazishwa kwa randa na msasa, unapimwa, na huo ndio mama. Zote zinazofuata zinachorwa kwa kuuzungushia mama penseli. Mtoto hachorewi kwa mtoto mwenzake, kwa sababu kila nakala inaongeza unene wa mstari.

Kuna mengine madogo ambayo yalitucheleweshea siku. Mbao za kulala zilikatwa mita 2.44, urefu wa plaiwudi, na aliyekata akasahau kwamba mbavu mbili zina unene wa milimita 36 kwa pamoja. Kipimo ni mita 2.404. Bahati ilikuwa kwamba zilizidi. Ndefu inapunguzwa, fupi haina dawa. Mbao tatu za chini kabisa kwenye mpindo, ile ya mwanzo, ya sentimita 20 na ya sentimita 40, lazima ziwe mbili kwa nne, kwani hapo ubavu ni mwembamba na mbili kwa sita haina pa kukaa. Kuanzia sentimita 60 na kwenda juu ni mbili kwa sita, kila sentimita 20, kwa kuwa zinavuka mita 2.4 bila nguzo ya kati. Chini ya kila maungio ya plaiwudi kuna mbao mbili zilizobanana, ili kila ukingo upate mbao yake.

Plaiwudi za milimita 9 zimelazwa urefu wake ukifuata upana wa rampu. Kwa njia hiyo nyuzi za uso wake hazikunjwi na inapinda bila ugomvi. Ya milimita 18 msijaribu, itawarudia usoni. Tabaka la pili limesogezwa nusu plaiwudi ili maungio yasikutane na ya chini. Kati ya kipande na kipande kuna nafasi ya milimita 2 au 3 ya kuvimba, na kila kichwa cha skrubu kimezama milimita moja. Juu tumeweka vipande vya karatasi zilizoshindiliwa kwa gundi ngumu, aina ya Skatelite. Wapo waliotaka hadibodi. Ndani ya nyumba hadibodi ni nzuri sana, lakini nje mvua moja tu na inakuwa uji.

Bomba la ukingo nalo lilitaka kutugawanya. Lina kipenyo cha nje cha milimita 60, na tumeliacha litokeze milimita 8 mbele na 8 juu. Kundi moja lilidai 15. Likitokeza sana, ekseli inakwama wakati wa kurudi chini na mtu anatangulia kichwa. Likizama halisikiki chini ya ubao. Hesabu ya kukata mfuko wake, yaani pengo ambamo bomba linakaa, ni hii: mbele kuna matabaka ya 9, 9 na 6, jumla 24, kwa hiyo 60 toa 24 toa 8 inabaki 28. Juu kuna jukwaa la 18, kwa hiyo inabaki 34. Nilifanya hesabu hiyo mwenyewe na imekaa. Skrubu za bomba ziko kila sentimita 60. Matundu yake yamewekwa ili uso wa mbele unaosuguliwa usiwe na tundu lolote.

Mahudhurio. Siku za kazi zilikuwa 16. Siku ya kwanza walikuja 22, wengi wao na simu za kupigia picha. Baada ya hapo wastani ulikuwa watu 5. Siku ya kuinua viunzi tulikuwa wanne, na kiunzi kimoja kinataka sita. Siku ya uzinduzi walikuja wote 34, na hakuna aliyekosa njia. Wale wanne wanajijua na sitawataja, ila mmoja wao ni mwenyekiti.

Ada. Wanachama 34. Waliolipa yote 11, waliolipa nusu 6, walioahidi 17. Ahadi haikamati mbao. Ada zilizoingia zilitosha skrubu zote, mbili kwa nne zote na plaiwudi 20 kati ya 34. Vingine vyote ni mkopo ambao chama bado kinadaiwa. Mweka hazina ana daftari na liko wazi. Nilishauriwa nisome majina hapa, nikakataa, kwa mwaka huu.

Mipango ya mwaka ujao: tunatarajia kupata paa, au walau turubai kubwa zaidi. Hii ya sasa isibanwe chini, iachiwe hewa, maana mvuke unaojikusanya ndani unalowesha plaiwudi kama mvua. Kuna wazo la kuongeza kimo upande mmoja, litaangaliwa hali ikiruhusu. Kuna wazo pia la rampu ndogo ya watoto, na kuna mtu aliahidi mbao.

Skrubu zote zinakaguliwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tukianzia sehemu bapa na robo ya chini ya mipindo, ambako ndiko zinakoinuka mapema. Kila mtu aje na bisibisi yake. Drili ya chama na pima maji ndefu havijarudi stoo tangu siku ya uzinduzi. Aliyenavyo avirudishe kabla ya siku hiyo, hataulizwa kitu.

Wenu katika ujenzi,
Mwenyekiti