Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi, Tabora

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja.

Naanza na lililoniumiza zaidi. Mwezi wa sita alikuja ofisini mama mmoja anayechambua tumbaku ghalani. Alikuwa ameachishwa kazi kwa simu, bila barua. Nilipomuuliza ni lini, alihesabu kwa vidole: siku 41. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Tulimsaidia kuomba kuongezewa muda, lakini sababu yake, kwamba alimsubiri msimamizi apoe hasira, haikukubaliwa. Huyu mama simlaumu hata kidogo. Hakuna kiongozi wetu aliyewahi kukanyaga ghala lile kumweleza.

Pale pia wengi wanaamini kwamba mkataba wa miezi mitatu ukiisha, hesabu ya muda wa kazi inaanza upya, hivyo kibarua hana pa kushtaki. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayeshtaki awe ametimiza miezi sita kwa mwajiri yuleyule, uwe mkataba mmoja au zaidi. Naomba hili mkalisimulie Isevya, Ng'ambo na kila mnakoishi.

Zamani hatukuwa mbali na wanachama hivi. Wazee wetu wa reli waligoma siku 82 mwaka 1960, na walikuwa wakijuana kwa majina. Mwaka 1964 serikali ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuunda NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipozoea chama cha kutoka juu: ada inakatwa kwenye mshahara, mkatwaji hamjui hata katibu wa tawi lake.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Niseme tu kwamba mwajiri mmoja anakata ada kwa wakati na kuileta akijisikia. Tumemwandikia mara mbili na tutamwandikia tena.

Sheria hiyohiyo inakiruhusu chama kuingia sehemu ya kazi kuandikisha wanachama. Basi kuanzia mwezi ujao tutatoa taarifa kwa waajiri na kwenda maghalani wawili wawili. Daftari la kujiandikisha kwa kazi hiyo liko kwa katibu. Kila kundi liwe na mwanamke, maana wachambuaji wengi ni kina mama na wana mambo ambayo mimi hawataniambia.