Barua kwa Hamad wa Wete: sanduku la marehemu ami yako

Tunguu, Unguja

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe na watu wa nyumbani mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Ama baada ya salamu, picha za sanduku la vifaa vya zamani vya elektroniki la marehemu ami yako zimenifikia, na nimezitazama moja moja hadi usiku mkubwa. Umeniarifu kwamba yupo mnunuzi wa vyuma chakavu anayelitaka lote kwa ajili ya dhahabu, na kwamba umeanza kuvipangusa vitu kwa petroli ili vipendeze. Nakuomba sana, kwa haki ya urafiki wetu, uache yote mawili.

Nianze na kupangusa, maana jambo hilo limenifika. Zamani kidogo nilipata valvu ya Kimarekani, yaani ile chupa ndogo ya kioo ya kukuza mawimbi ya umeme iliyotumika redioni kabla ya transista, ikiwa bado ndani ya boksi lake, miguu yake tisa imenyooka, na juu ya kioo pameandikwa JAN, alama ya vifaa vya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani, ikifuatiwa na namba 5814A. Niliipitisha pamba yenye spiriti mara moja tu, na maandishi yote yakahamia kwenye pamba. Valvu ile inafanya kazi mpaka leo, lakini kwa sura haitofautiani na valvu kadhaa za redio za majumbani, na mimi sina tena cha kumwonyesha mtu kuthibitisha kwamba ilitengenezwa kustahimili mitikisiko ya ndege. Huzuni ile haijanitoka.

Sasa tazama picha yako ya tatu, penye vikopo vidogo vya chuma vyenye miguu mitatu ya rangi ya dhahabu. Hizo ni transista, vifaa vidogo vya kukuza au kuwasha na kuzima umeme vilivyochukua nafasi ya valvu, na tarakimu 6147 zilizo ubavuni, kwa kawaida ya viwanda vya Marekani, maana yake ni wiki ya 47 ya mwaka 1961. Ukisogeza sumaku, miguu itavutwa, na huenda mnunuzi akakwambia kwamba dhahabu ni ya bandia. Si bandia, ila ni utando mwembamba mno juu ya Kovar, mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti, unaotanuka kwa joto karibu sawa na kioo kinachoziba sehemu ya chini ya kikopo, hivyo kioo hakipasuki wala unyevu haupenyi. Kuziyeyusha kwa ajili ya utando huo ni hasara kubwa kuliko faida yoyote utakayoipata.

Mwaka ule wa 1961 unanigusa kwa sababu ya mahali ninapokaa. Hapa Tunguu ndipo Wamarekani walipojenga kituo cha kufuatilia safari za anga za Mercury, mpango wao wa kwanza wa kupeleka watu anga za juu, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hiki kilikuwa miongoni mwa vilivyopokea sauti yake na vipimo vya chombo chake kwa njia ya redio. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Sisemi kwamba transista zako zilitoka pale. Ninachosema ni kwamba ni za rika moja na mitambo ile, nami kwa miaka yote niliyokusanya sijawahi kushika transista ya wakati huo ambayo maandishi yake ni mazima kama hayo.

Valvu zenye herufi za Kirusi nazo ziweke kando, hasa zenye alama ya umbo la almasi, yaani pande nne sawa lililosimama kwa pembe, kwani hiyo ni alama ya ukaguzi wa kijeshi. Saa ya ndege yenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani usiifungue wala usiikwaruze, kwa kuwa rangi za zamani za namna hiyo mara nyingi zina radiamu, madini yenye mnururisho, na vumbi lake ni hatari likivutwa puani. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na watoto.

Vilivyobaki viweke kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana hewa ya chumvi haina huruma na miguu ya chuma. Nitakuja na meli ya Mkoani baada ya Idi, inshaallah, tulifungue pamoja lile boksi la chini ambalo hukulipiga picha.

Nisalimie mama na watoto.

Ndugu yako,
Suleiman