Kwa vijana wa utafiti wa ziwa: msizifungie takwimu kwenye droo

Wanangu mlioko Mwanza, Kisumu na Jinja,

Nimesikia baadhi yenu mkiulizana, "Hivi ile ofisi ya Jinja inatusaidia nini?" Swali hilo limeniuma, maana mimi nilianza kazi wakati ofisi hiyo, makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, haipo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa pamoja wa ziwa, uliokuwa na makao Jinja tangu 1947, ulivunjika nayo. Waganda wakabaki na kituo, Kenya ikaanzisha taasisi yake mwaka 1979, nasi Tanzania tukapata TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, mwaka 1980. Kila mtu akapima kipande chake cha maji. Na miaka hiyohiyo ndipo sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alipofumuka ziwa zima, na furu, samaki wadogo wa asili wa aina kwa mamia, wakaanza kutoweka. Ziwa lilikuwa likigeuka mbele ya macho yetu, nasi hatusemezani.

Tulipoanza kukutana tena, nilikaa kwenye kikao ambacho sijakisahau. Majedwali yalibandikwa ukutani, na sangara wa upande mmoja walionekana wafupi kuliko wa wenzao. Tukabishana asubuhi nzima. Huyu anasema ni kokoro, ule wavu wa kuburuta, yule anasema ni samaki kukosa chakula. Mchana mzee mmoja akaomba kila timu ilete ubao wake wa kupimia, akamlaza sangara mmoja juu ya mbao zote, moja baada ya nyingine. Sisi tulipima kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, wenzetu waliishia pale pezi la mkia linapoanzia. Samaki ni yuleyule, na urefu ukapishana sentimita kadhaa. Chumba kizima kilinyamaza.

Hiyo ndiyo kazi ya Jinja, wanangu. Mkataba uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 ulizaa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ili samaki anayeitwa sangara kwetu, mbuta Kisumu na mputa Uganda apimwe kwa namna moja. Kutoka hapo tukapata miongozo ya pamoja, safari za kukadiria samaki kwa mawimbi ya sauti, na tangu mwaka 2000 sensa ya mitumbwi, nyavu na wavuvi katika kila mwalo, yaani kila mahali pa kushushia samaki. Hata makubaliano kwamba viwanda vipokee sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu yalihitaji vipimo vinavyosomeka pande zote. Tulitaka wadogo wakue, na wazazi wakubwa wenye mayai mengi wabaki majini. Mngekubaliana vipi juu ya 50 kama 50 yangu si 50 yako?

Sasa niseme linalonikera. Mnarudi kutoka ziwani na takwimu, mnazifungia kwenye kompyuta hadi makala ya mtu fulani itoke. Mwaka unapita, miwili inapita. Jinja wakiuliza, mnajibu kwamba bado mnazisafisha. Naelewa kwamba makala ndiyo inayompandisha mtafiti cheo, nami sitaki jasho lenu lipotee. Kubalianeni mapema nani ataandika nini, muweke na tarehe. Lakini idadi ya samaki iliyochelewa miaka miwili haimsaidii ofisa anayepaswa kuamua juu ya nyavu mwaka huu.

Jambo la pili ni fedha. Wafadhili huja na huondoka, nao wakiondoka safari za pamoja ndizo hukatwa kwanza. Wakumbusheni wakuu wenu michango ya nchi, tena kila bajeti. Takriban nusu ya ziwa iko Tanzania, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu, ila mzigo wa gugumaji hauulizi umetokea kwa nani.

Kabla ya safari ijayo, timu zote tatu zilete mbao zao Jinja, mlaze samaki mmoja juu yake, nanyi mwandike kila mmoja anachosoma.

Mzee wenu,
Mwanza