Barua kwa Kaka Abdalla: fidla na kaseti za Baba

Liverpool, Jumapili usiku

Kaka Abdalla,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mpe shikamoo yangu. Mimi na Rukia hatujambo, baridi tumeshaizoea. Pesa za mabati nimetuma jana, pauni 300, zimeingia Mpesa ya Swaleh kwa kuwa namba yako ilikataa. Fundi msimlipe zote mpaka amalize upande wa jikoni. Mnamjua.

Sasa nisikilize. Swaleh ameniambia umeiuza fidla ya Baba. Hukuniambia wewe, nimeambiwa na mtoto, tukiwa katikati ya bei ya misumari. Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Kaka, si ungeniomba? Lini nimeombwa nikakataa? Ada ya Swaleh ni mimi, dawa za Mama ni mimi, hitima ya Baba ni mimi. Sisemi kwa kusimanga, nasema kwa sababu imeniuma.

Na imeniuma mwaka huu hasa. Rukia amefaulu mtihani wa fidla wa daraja la tano, kwa alama za juu kabisa. Kwenye okestra ya shule anakaa mstari wa mbele, mtoto wa Kibokoni, Mombasa! Mwalimu wake aliniuliza mkono ule ameutoa wapi. Nikamwambia ameutoa kwa babu yake, aliyekuwa akipiga harusini usiku kucha na alfajiri akaingia kazini bandarini Kilindini bila kulala. Nilimwahidi mtoto kwamba akifika daraja la nane nitamleta nyumbani aishike fidla ile. Nimwambie nini?

Nilitaka kukuandikia wiki iliyopita, na barua ingekuwa chungu kuliko hii. Kilichonizuia ni filamu.

Bibi jirani yangu alinichukua kwenye ukumbi wa maktaba kutazama filamu ya zamani ya mji huu, *Distant Voices, Still Lives*, ya mwaka 1988. Aliyeitunga na kuiongoza, Terence Davies, alizaliwa hapa hapa Liverpool mwaka 1945, kitinda mimba, na babake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Filamu ni ya nyumba yao: baba, mama, dada wawili na kaka yao, wakati wa vita na miaka iliyofuata. Haiendi kwa mpangilio. Inakwenda vile mtu anavyokumbuka, mara harusi, mara mazishi, mara mabomu yanaanguka, kisha harusi tena. Na wakati wote wanaimba, bila ala yoyote. Wanaimba baa, ndiyo, lakini wewe wasikilize wanawake wale. Mmoja akianza, wenzake wanadakia, na kila mmoja huchagua wimbo wa kusema lile ambalo kwa mdomo hawezi kumwambia mumewe. Niliwaona akina shangazi usiku wa hina, ni hao hao, ila hawajajifunga leso.

Inaanza na mvua. Redio inasoma hali ya bahari, mama anaita watoto waamke, na unasikia miguu ikishuka ngazi, lakini ngazi ni tupu. Hakuna mtu. Sauti tu. Abdalla, ile ni ngazi yetu.

Kutoka hapa usimsomee Mama, mpaka nitakapokwambia.

Kuna mahali mama yule amekaa dirishani juu, anafuta kioo, na mtoto anaomba moyoni asianguke. Wimbo wa mapenzi unapigwa, mtamu kweli. Wimbo haujaisha, mara unamwona mumewe anampiga, na wimbo bado unaendelea, haukatiki. Ukumbi mzima kimya. Baba huyo huyo usiku wa Krismasi anawawekea watoto zawadi kitandani kwa upole, na kesho yake mezani anavuta kitambaa, sahani zote chini. Na huyo huyo anamsugua farasi wake huku akiimba polepole, watoto wamejificha juu wanamsikiliza, wanampenda.

Nilijua nimekaa wapi katika filamu ile. Mimi ndimi wa juu. Siku ile ya mkanda, wewe ukiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa juu ya ngazi na nilisikia yote. Sikushuka. Kisha Baba akatoka na fidla barazani, akapiga, na waliopita njia wakasimama wakasema mashallah. Nami nikashuka, nikaketi miguuni pake, kwa sababu alinipigia mimi. Mimi hakunigusa hata siku moja. Ile fidla kwangu ni mapaja yake na harufu ya halwaridi. Kwako najua ni nini. Miaka yote sijakwambia kwamba najua. Sasa nimekwambia. Nisamehe kwa kutoshuka.

Kwa hiyo ya fidla sitakulaumu tena. Niandikie tu jina la aliyeinunua, niinunue kwake. Bei yoyote.

Lakini kaseti, hapana. Swaleh anasema sanduku lililokuwa darini sasa liko uani, juu lina turubai. Uani! Chumvi na joto la Mombasa vitauharibu ukanda. Bhalo ametutoka 2014, Zein l'Abdin 2016, na hao ni waimbaji wakubwa wa taarab, sauti zao ziko kila mahali. Waliokaa nyuma yao na nyuma ya wengineo, wapiga fidla, ngoma ya dumbaki, kinanda cha taishokoto, nani ameandika majina yao? Baba ameyaandika kwa kalamu ya wino juu ya karatasi za kaseti zile, harusi baada ya harusi. Zikioza hizo, wameoza nao.

Basi fanya hivi. Liingize sanduku ndani leo, mbali na spika, maana sumaku hufuta. Msizijaribu kwenye redio ile ya jikoni, itameza ukanda. Na kila kaseti ivunjwe vijino viwili vya juu, asije mtu akarekodi mpira juu yake kama ulivyofanya na harusi ya Shangazi Rehema. Salma anaondoka huko tarehe 9, mpe azibebe mkononi, si kwenye begi la chini.

Kutoka hapa msomee Mama.

Mama, juzi nilipika mbaazi za nazi. Nazi ya kopo, haikukolea, lakini nyumba nzima ilinuka Ijumaa ya kwetu, na nikakaa jikoni nikalia kidogo. Kuna kaseti moja ya Baba, ya kijani, ambayo upande wa pili unaimba wewe, unachagua mchele, hujui kama inarekodi. Adhana inaingia kati, unanyamaza, kisha unarudi pale pale ulipoachia. Wimbo ule ni wa nani? Rukia anataka kuupiga.

Abdalla, asipoukumbuka muimbie mwanzo wake. Waujua. Kisha niandikie maneno yote.

Dada yako,
Maimuna