Usimwache mpagazi nje ya fremu

Swahiba,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na mchoro wa ubao wa picha za ukoo unaotaka kuutundika ukutani Siku ya Mashujaa, Julai, nimeutazama vizuri. Babu yako na sare ya Keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, baba yako mdogo na kombati za Vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin, mpwa wako na bereti ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Umepanga vizuri. Lakini umesema nikosoe, na ruhusa hiyo mimi nikipewa huwa sirudishi. Mbona mzee aliyemzaa babu yako hayumo?

Jibu lako nalijua, maana ulishalitoa siku nyingi: "Yule hakuwa askari, alibeba tu mizigo ya Waingereza."

Alibeba tu! Vita ya 1914 mpaka 1918 huku kwetu haikwenda kwa malori, ndugu yangu. Mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, barabara zilikuwa za kuhesabika, na mvua ikishika gari linabaki kwenye tope. Risasi, unga, mahema, vipande vya mizinga, vyote vilifika mbele juu ya vichwa na mabega ya watu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alifukuzwa kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, mwisho akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918. Njia nzima hiyo, upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza, wapagazi walikuwa wengi kuliko wenye bunduki. Na waliokufa wengi hawakupigwa risasi. Waliondoka na kuhara damu, malaria na njaa. Wengine hata hawakujitolea, walikamatwa vijijini kwao wakapewa mzigo. Sasa mtu wa namna hiyo akarudi hai, akazaa, na ndiyo maana wewe upo unaniandikia barua. Umnyime fremu kwa sababu hakupewa bunduki?

Pale Dar es Salaam kwenye Sanamu ya Askari, bunduki na singe yake vimeelekezwa bandarini na kila mtu anapita bila kutazama. Siku ukipita, simama usome maandishi ya chini. Yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi tena kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Izunguke mara zote utakazo, jina la mpagazi hulioni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: waliokufa katika vita ile na ambao hawakuandikwa majina, pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote, si chini ya 116,000 na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo ile ahadi ya "watoto wako" waliturushia sisi, na wewe ndiye mtoto anayesemwa pale.

Haya, tuje kwa babu yako aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, ambaye sina ugomvi naye. Wangu alikuwa huko huko, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Walipita Bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule mwaka 1944, na Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Nishani yake ninayo mimi: nyota ya shaba yenye pembe sita, utepe wake mwekundu katikati, buluu iliyoiva pembeni na mistari miwili ya rangi ya machungwa. Nimeigeuza nyuma, tupu. Waingereza nyota zile hawakuzichonga majina ya wenyewe. Ikidondoka sokoni leo itauzwa kama chuma chakavu na hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Tangu nilipoligundua hilo nimeiweka kwenye bahasha yenye jina lake, kikosi chake na kijiji chake, kwa mwandiko ambao hata mjukuu ataweza kuusoma. Ya babu yako ifanyie hivyo kabla hujaipigilia kwenye ubao.

Halafu kuna yule kaka yake aliyezama na meli. Umemtaja kwa mstari mmoja, pembeni, kama mtu aliyekosa basi. Kama alikuwa kikosi cha mizinga na aliondoka Mombasa mwanzoni mwa 1944, basi bila shaka ni ile Khedive Ismail. Manowari ya Wajapani iliipiga karibu na Maldivi Februari 12, ikazama kwa dakika chache, watu karibu 1,300 wakafa, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kaburi hana, kwa hiyo fremu anastahili mara mbili.

Kuhusu Kagera nitakuwa mfupi, kwa sababu wewe na mimi tulikua tunaisikia. "Nia ya kumpiga tunayo" ya Nyerere juu ya Amin tuliikariri kabla ya jedwali la kuzidisha. Nikushauri jambo moja tu: baba yako mdogo yu hai, mhoji sasa. Na usimwulize kuhusu mapigano. Baba yangu nikimwuliza habari za Lukaya, huko Uganda, walikokutana na Walibya wa Gaddafi Machi 1979, anaanza kutafuta miwani. Lakini nikamwuliza habari za buti. Jioni nzima alizungumza! Walivyotembea kwa miguu tangu Mutukula mpakani, soksi zilivyoozea mguuni, ile mizinga ya roketi ambayo Waganda waliipa jina la saba saba ilivyokuwa ikinguruma nyuma yao usiku, jinsi walivyokuwa wakilala huku wanatembea, mkono juu ya mkoba wa mwenzio wa mbele. Katikati ya buti hizo hizo akawataja wenzake wawili waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Sikuwa nimewahi kusikia majina yao.

Na mama zetu uwaweke. Mama yangu barua ya baba kutoka mstari wa mbele ilimfikia baba mwenyewe akiwa ameshakaa sebuleni, kavua viatu. Miezi yote ya kabla ya hapo hakujua kama ni mke au mjane.

Sasa lile ulilonong'ona mwishoni, la mjomba wa babu aliyekuwa askari wa Mjerumani. Unaona aibu, nami nakuelewa, maana askari wale ndio waliotumwa kuchoma mashamba na maghala ya watu wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu kuliko risasi. Shujaa usimwite. Lakini usimfute. Mwandike jina, andika alimtumikia nani na miaka gani, na kama ukoo unajua alifanya nini kusini, andika na hilo. Binafsi ubao wenye mtu mmoja wa kuulizwa maswali nauamini kuliko ubao wa watakatifu watupu. Mpwa wako, ambaye alikuwa Kivu, Kongo, na anajua silaha zinaweza kumfanya mtu nini, nadhani atakuwa upande wangu katika hili.

Picha ya mpagazi huna, najua. Hakuna aliyempiga picha. Chukua karatasi nyeupe, liandike jina lake kwa herufi kubwa, liingie kwenye fremu ya ukubwa ule ule wa nyingine, na yeye ndiye aanze, kushoto kabisa.

Ila kwanza umwone shangazi yako mkubwa, maana kichwa chake bado kinafanya kazi na Julai si mbali. Mwulize mzee yule alichukuliwa akiwa wapi, na nani waliokwenda naye, na nani hakurudi. Jina la aliyezama nitumie kamili, na la baba yake, nimtafute kwenye orodha za ukumbusho wa Nairobi. Ukinitumia, niandikie kila namna ambayo jina linaweza kukosewa, kwa sababu makarani wale waliandika walichosikia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na baba mdogo umwambie namwuliza habari za buti zake.

Nduguyo daima