Kwadi Mbili, Njia Moja: Namna Tunavyomjaribisha Mteja Kabla Hajalipa

Mteja mmoja alirudi dukani wiki ya tatu baada ya kununua kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Hakuja na hasira, alikuja na aibu, na kwa mfanyabiashara hiyo ni mbaya zaidi. "Fundi," akaniambia, "mashine haina ubovu. Ila mke wangu hawezi kuikatisha kona, na mimi nikishuka nayo mtelemko roho iko mkononi." Siku ya kununua alikuwa ameijaribu vizuri tu, kwa maana ya watu wengi: raundi mbili kwenye uwanja wetu wa saruji, resi kidogo, tabasamu, akalipa. Ilikuwa kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo siku hiyo.

Kosa lilikuwa letu. Tulimwacha ajaribu mwendo kasi kwenye saruji kavu, kitu ambacho yeye hakukihitaji hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia, kuvuta tela na kupita kwenye tope. Hayo hatukumwonjesha.

Tangu hapo tulibadili utaratibu. Sasa mteja hupanda kwadi mbili, si moja, kwenye njia ileile, na karibu muda wote kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wengi hucheka tukiwaambia. Lakini kwadi yoyote ni tamu ikiwa mbio kwenye ardhi tambarare. Siri zake hutoka ikienda polepole, imebeba, inapinda, inashuka.

Kabla ya kuwasha

Dakika kumi za kwanza injini haiwashwi. Kaa kwenye kiti, weka miguu pake, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Usukani ukigusa goti lako, mashine hiyo haikufai, hata kama umeipenda rangi. Nyoosha kidole gumba kwenye kibonyezo cha mafuta. Kwadi nyingi hukandamizwa mafuta kwa kidole gumba, hazizungushwi kama pikipiki ya kawaida, na kidole hicho huchoka mapema kuliko mgongo. Mwenye mkono mdogo hulijua hilo nusu saa baadaye, akiwa ameshalipa. Fika kwenye breki ya mkono ukiwa umevaa glavu zako mwenyewe. Simama juu ya vikanyagio, kunja magoti kidogo. Kisha shuka upande wa kulia, panda tena, shuka upande wa kushoto. Linaonekana jambo la kitoto, lakini mtu wa shambani hushuka na kupanda mara arobaini kwa siku.

Halafu tunapima upepo wa matairi mbele yako. Hapa ndipo ulinganisho mwingi huharibika bila mtu kujua. Tairi la kwadi hujazwa upepo mdogo sana, mara nyingi kama paundi 5 kwa inchi ya mraba, wakati gari dogo hubeba kama 30. Kipimo cha gereji za magari hakisomi vizuri namba ndogo hivyo, kwa hiyo tuna kipimo chetu maalumu. Paundi mbili tu kwenye gari ni jambo dogo. Kwenye kwadi ni karibu nusu ya upepo wote. Ukiipanda ya kwanza ikiwa na 4 na ya pili ikiwa na 8, ya pili itakudundisha kwenye mawe na utaondoka ukisema shokapu zake ni mbovu. Umelinganisha upepo, hukulinganisha mashine. Namba sahihi imeandikwa kwenye lebo ya mashine yenyewe, na mara nyingine matairi ya mbele yana yake na ya nyuma yana yake. Ukienda kujaribu kwenye duka lolote, si letu tu, omba wapime ukiwa umesimama hapo.

Na injini iwe ya baridi. Gusa ubavu wake kwa tahadhari. Ukikuta tayari ina joto, uliza kwa nini. Injini iliyopashwa moto haifichui ugumu wa kuwaka asubuhi.

Njia yetu

Tuna kipande cha ardhi nyuma ya karakana ambacho hakina uzuri wowote. Kina makorongo madogo, mwinuko, gogo lililolazwa, mapipa mawili ya kupindia, na shimo la tope tunalolimwagilia makusudi. Unaipitisha kwadi ya kwanza, kisha ya pili, kisha unarudia ya kwanza. Hilo la kurudia usilikatae. Mashine ya kwanza huonekana ngeni kwa sababu wewe bado mgeni, na ya pili hupata sifa zisizo zake. Ukirudi kwenye ya kwanza ndipo unapojua lipi lilikuwa la mashine na lipi lilikuwa la woga wako.

Gogo ndilo mwalimu wetu mkubwa. Tunakuomba upitishe gurudumu moja tu la nyuma juu yake, taratibu. Kuna kwadi zenye ekseli nzima nyuma: gurudumu la kulia likipanda, sehemu yote ya nyuma inainama, na wewe unainama nayo. Kuna zile ambazo kila gurudumu lina mkono wake na shokapu yake: linapanda lile moja, kiti kinabaki karibu palepale. Mtu akishaonja hili la pili husema basi, nimechagua. Ngoja kwanza. Tunapakia gunia la mchanga kwenye keria ya nyuma, ndani ya kiwango kilichoandikwa pale kwenye keria, halafu tunakurudisha kwenye mapipa. Ile laini sasa inakalia nyuma, inalala kwenye kona, usukani unakuwa mwepesi mno kwa sababu magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito. Ile ya ekseli nzima inabaki imesimama wima na mzigo wake. Ina viungo vichache vya kuchakaa pia. Ila ekseli hiyo inaning'inia chini katikati, na kwenye njia yenye visiki au mawe ndiyo ya kwanza kugonga. Ukinilazimisha nitoe rai: anayevuta na kubeba kila siku namwelekeza kwenye ekseli nzima, anayekaa juu ya mashine saa nyingi kwenye njia mbovu namwelekeza kwenye ile nyingine, na anayefanya yote mawili namwambia aje siku mbili.

Mapipa nayo yana somo lake. Kwadi nyingi hazina difu nyuma, yaani kile kifaa kinachoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu yote mawili huzunguka sawa. Kwa hiyo kwenye kona kali mashine hutaka kwenda mbele moja kwa moja, na ni mwili wako unaoipindisha: unainamia ndani ya kona huku ukikanyaga kwa nguvu upande wa nje. Ndiyo maana kiti ni kirefu. Watu hudhani urefu ule ni nafasi ya abiria. Sivyo. Ni nafasi ya dereva kusogea mbele, nyuma na pembeni. Kwadi za watu wawili zipo, zimetengenezwa ndefu zaidi, na abiria ana kiti chake na mahali pa kushika. Nyingine zote ni za mtu mmoja, na lebo inasema hivyo. Tukikukuta unataka kumpakia mwenzako kwenye ya mtu mmoja ili "muijaribu pamoja," tutakataa, na tafadhali usituone wabaya.

Pita kwenye mapipa mara moja ukiwa umeweka magurudumu mawili yavute, kisha mara nyingine yote manne. Usukani utakuwa mzito zaidi mara ya pili. Kama mashine ina kifungo cha kufunga difu ya mbele, kibonyeze kwenye tope tu, utaona inavyotoka kama mtu aliyeshikwa mkono. Ukikisahau kimewashwa kwenye ardhi ngumu, utapigana na usukani. Mashine zenye usukani unaosaidiwa na mota ya umeme hukupa nafuu hapo, na nafuu kubwa zaidi ni pale gurudumu la mbele linapogonga jiwe: usukani hauruki kwenye vidole gumba. Zamani niliona hiyo ni anasa. Siku hizi, kwa mtu mwenye viganja vinavyouma, ndicho kitu cha kwanza ninachomwonyesha.

Mtelemko

Kwadi za gia za mkanda hazihitaji ubadilishe kitu ukiwa mwendoni: unakandamiza, inakwenda. Zile za gia za kukanyaga zinadai mazoea. Kwenye mtelemko tofauti yake hutokea wazi. Weka gia nzito, ile ya nguvu na mwendo mdogo, anza kushuka, ondoa kidole kwenye mafuta, usiguse breki. Nyingine zinashikwa na injini na kushuka kwa adabu. Nyingine zinaachia, zinaanza kuchapuka, na tumbo lako litakwambia kabla ya kichwa. Sisi huwa tumesimama chini na pembeni, na breki ziko mikononi mwako muda wote. Yule mteja wa wiki ya tatu? Tatizo lake la mtelemko lilikuwa hili hili, na tungeligundua kwa dakika moja. Alikuwa akishuka na gia nyepesi. Hakuna aliyemwonyesha ile nyingine.

Magurudumu manne hayana maana kwamba mashine haibinuki. Mwaka 1970 Honda ilipotoa yake ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu, na aina hiyo iliumiza watu wengi kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya. Manne yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, Suzuki ikitangulia, na yalisaidia. Ila Australia, tangu Oktoba 2021, kwadi mpya ya kazi haiuzwi bila kinga ya kumkinga dereva asilaliwe na mashine ikipinduka, na kabla ya hapo walishaanza kudai lebo inayoonyesha ni pembe gani inaanza kuinuka upande. Ukikuta lebo hiyo, isome kwenye mashine zote mbili na ulinganishe. Inasema mengi kuliko nguvu za farasi za injini.

Kuhusu watoto nitakuwa mfupi: umri umeandikwa kwenye kwadi. Ya wenye miaka 16 na zaidi si ya mwenye miaka 12, na hatuuzi kwa hesabu ya "ataikulia." Viatu vinakuliwa. Mashine ya kilo 300 haikuliwi.

Rudi nyuma, na usikie joto

Karibu hakuna mteja anayejaribu kurudi nyuma bila kuambiwa. Rudi nyuma na tela kati ya yale mapipa mawili. Tazama kama unaliona gurudumu la nyuma ukigeuka, kama kubadili gia kwenda nyuma kunakwama, kama kifungo cha kuongeza nguvu kinafikika bila kuachia usukani.

Baada ya dakika ishirini za mwendo wa polepole, simama, usizime. Je, paja la kulia linaungua? Feni imewaka? Kuna harufu ya raba iliyoungua? Harufu hiyo ni mkanda, na mara nyingi si ubovu wa mashine, ni mtu kuvuta mzigo kwa gia nyepesi. Zima, hesabu hadi sitini, washa tena. Kisha mwambie muuzaji akuonyeshe kichujio cha hewa. Akihitaji spana tatu na dakika kumi na tano kukifikia, jua kwamba wewe nyumbani hutakifikia kamwe, na vumbi litafanya kazi yake.

Kwa zilizotumika tunaongeza mambo machache. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, beringi au viungo vimekwisha. Raba zinazofunika viungo vya ekseli zisiwe zimepasuka. Na fanya hesabu hii ndogo: gawanya kilomita kwa saa za injini. Mashine yenye kilomita 3,000 na saa 600 imekwenda wastani wa kilomita 5 kwa saa. Hiyo imevuta na kunguruma ikiwa imesimama maisha yake yote, na kilomita zake chache zisikudanganye. Yenye kilomita 4,500 na saa 150 imekwenda wastani wa 30, maana yake ilikuwa mikononi mwa mtu wa mbio. Mimi binafsi ningeangalia shokapu na matairi ya hiyo ya pili kwa jicho kali sana.

Jaribio letu huchukua kama saa moja na nusu na tunampokea mteja mmoja kwa wakati mmoja. Helmeti na miwani tunazo. Njoo na buti zinazofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu, glavu utakazofanyia kazi, na kama una tela lako, njoo nalo. Kama mashine itatumiwa na watu wawili nyumbani, tunawataka wote wawili. Yule mwenye mkono mdogo ndiye atakayepanda kwanza.