Barua ya kufunga muhula wa kwanza kwa wazazi na walezi wote

Ofisi ya Mwalimu Mkuu

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha na watoto wenu wote 612 wako hai. Ninaanza na hilo kwa sababu mwezi Machi, kipindupindu kilipoingia kijijini, wapo waliokwisha kukata shauri kwamba shule hii ndiyo itakayowazika. Wanafunzi wanne waliugua. Wote wanne walianza kuugua wakiwa majumbani, wote wakapona, na afisa afya wa kata alipofuatilia hakupata hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya uzio wetu.

Shukrani za hilo ziende kwanza kwa Klabu ya Afya: watoto 24 wa Darasa la Tano na la Sita waliofika shuleni saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi, kabla ya kengele. Vibuyu chirizi 18 mnavyoviona nje ya vyoo na mbele ya jiko wamevitengeneza wenyewe. Dumu la lita tano hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja dogo karibu na kifuniko, kisha huning'inizwa kwenye mti uliolazwa. Kamba hutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, mguu ukikanyaga dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono uliotoka chooni haugusi koki, na hapo ndipo ulipo ubora wake kuliko bomba. Vya kwanza walivitoboa kwa msumari mnene, dumu likawa linakauka kabla darasa moja halijamaliza kunawa. Wakaanza upya kwa msumari mwembamba. Sabuni nayo ilikuwa inatoweka kila siku, hadi binti mmoja wa Darasa la Tano alipoleta wazo la kutia vipande vya mche ndani ya soksi kuukuu na kuifunga kwenye mti. Mtoto anasugua soksi, povu linatoka, kipande hakiondoki. Tangu siku hiyo hatujapoteza sabuni.

Watoto hao hao ndio waliopima maji ya tangi kila siku ya masomo. Unachukua maji kidogo kwenye kichupa cha kupimia, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, haipo, na hapo kengele inapigwa ili mtu yeyote asinywe. Rangi hulinganishwa na kadi. Tulitaka isipungue 0.2 wala isizidi sana 0.5 ya miligramu kwa lita pale mtoto anapochota. Daftari lao lipo ofisini kwangu, limeandikwa kwa mwandiko safi, tarehe kwa tarehe. Mzazi yeyote aje alisome. Mimi najivunia daftari hilo kuliko kombe lolote lililomo kabatini.

Darasa la Saba wamefanya mtihani wa majaribio (moko) vizuri, matokeo yamebandikwa.

Sasa nije kwenye mambo yaliyonisononesha, na sitayapunguza.

Usiku wa kuamkia Alhamisi moja ya mwezi ule wa Machi, mtu aliingia shuleni akafungua koki ya tangi na kumwaga maji yote, lita 5,000. Mchana wa kabla ya usiku huo alionekana afisa afya akitia unga mweupe ndani ya tangi, na hadi magharibi maneno yalikuwa yameenea hadi pwani: "wanapanda kipindupindu." Kilichotiwa ni klorini ya unga. Kwa tangi la lita 5,000 ni kijiko kimoja cha mezani kisichofurika, kikorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha maji ya juu yamiminwe ndani ya tangi na kuachwa nusu saa. Ile harufu iliyowatisha ni harufu ya maji yaliyokwisha kutibiwa. Kwa siku tatu baada ya hapo watoto wenu walikunywa maji ya kisima cha wazi cha bondeni, kile kile tulichokatazwa. Hakuna aliyeugua kwa maji yale, na ninamshukuru Mungu, lakini hatukufanya lolote la kustahili salama hiyo. Aliyemwaga maji anajijua, na wapo wanaomjua. Kamati ya shule inamtaka aje, na mlango wangu uko wazi.

Ndugu zangu, uvumi huu si mgeni. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa jirani zetu wa Msumbiji, umerudi mara nyingi. Kwa Kireno klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera; maneno yanakaribiana, na watu wakaamini kwamba wanaotia cloro visimani ndio wanaotia cólera. Wahudumu wa afya wa kujitolea wamewahi kuuawa huko kwa sababu hiyo. Na Aprili 2024, katika mkoa wa Nampula, watu walijazana kwenye chombo cha uvuvi wakitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Viongozi wa huko walieleza kwamba wengi walikuwa wanakimbia uvumi wa kipindupindu. Chombo hakikuundwa kubeba abiria, kikazama, wakafa zaidi ya watu 90, watoto wakiwa wengi. Nawaandikia hili kwa sababu mwezi Machi baadhi yenu mliwapakia wanafunzi wetu kwenye mashua usiku, bahari imechafuka, kuwapeleka kwa bibi na shangazi. Ugonjwa mliokuwa mkiukimbia unatibika kwa maji, chumvi na sukari. Bahari haina dawa. Tena mtu aliyekwisha kumeza vijidudu anaweza kukaa saa chache hadi siku tano bila dalili, na wengine hawaoni dalili kabisa ila wanavitoa chooni. Kwa hiyo unaweza kumkimbiza mtoto na kipindupindu ukakibeba humo humo mashuani.

Mahudhurio yalianguka. Siku iliyofuata kumwagwa kwa tangi waliitika majina wanafunzi 187 kati ya 612. Baadhi hawakurudi hadi baada ya Pasaka. Ukiwauliza wazazi, jibu ni moja: "Tuliogopa watoto watakaa dawati moja na mgonjwa." Kipindupindu hakirukii mtu kwa pumzi wala kwa kukaa dawati moja. Kinaingia kwa mdomo: maji, chakula, mkono. Hofu ingekuwa inaelekezwa mahali pake ningeishukuru. Lakini watoto wale wale waliozuiwa kuja darasani tuliwakuta mnadani wakinunua barafu za vifukoni zilizogandishwa kwa maji ya kisima, na kuganda hakuui vijidudu hivi. Wengine walikuwa wanakula kiporo cha wali cha tangu jana, na wali uliopoa ukilala nje ni mahali vinapozaliana vizuri sana. Pweza na chaza wa kupashwa juujuu ni vivyo hivyo. Chakula kiliwe kikiwa bado kinafuka moshi, tunda limenywe na mlaji mwenyewe aliyenawa.

Kisha lipo la mtoto wa Darasa la Tatu aliyerudi kutoka kambi ya matibabu. Wazazi tisa walifika ofisini wakitaka afukuzwe, dawati lake lichomwe, na nyumba yao ipuliziwe dawa. Nilikataa yote matatu na nitakataa tena. Mtoto akiacha kuendesha na kuruhusiwa na matabibu, anarudi darasani. Vijidudu vinaweza kuendelea kutoka kwenye choo chake siku kadhaa, ndiyo maana tulimtengea tundu moja la choo na kulimwagia dawa kila siku. Dawati halina kosa. Kupulizia nyumba kunatisha majirani na kumwaibisha mgonjwa, faida yake ni ndogo; kinachotakiwa ni kusafisha pale palipotapikiwa au kuchafuliwa, ndoo, choo na shuka. Kwa jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Mwaga juu ya uchafu, acha dakika kumi au zaidi, ndipo ufute. Ukikimbilia kudeki unausambaza. Dawa hiyo itengenezwe upya kila siku, maana jiki iliyochanganywa jana, au chupa iliyokaa juani, imepungua nguvu. Wala usiichanganye na dawa nyingine ya chooni, itatoa hewa ya kudhuru mapafu. Mtoto yule alikaa wiki mbili bila mwenzake wa kucheza naye, kwa sababu hivyo ndivyo mlivyowafundisha nyumbani. Naomba wazazi wale tisa waende kwa mama yake. Sihitaji taarifa, nendeni tu.

La mwisho katika haya ndilo zito kuliko yote. Kati ya wanafunzi wanne walioumwa, mmoja alifichwa ndani tangu asubuhi hadi usiku. Alipofikishwa kambini macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama, mkojo hana. Alitundikiwa maji mishipani, akaokoka. Wazazi walisema waliogopa kambi kwa sababu "wanaopelekwa hawarudi." Tazameni jinsi jambo hili linavyojizungusha. Mgonjwa anafichwa hadi anakuwa hoi, anapelekwa usiku wa manane, anafia mlangoni, kisha kambi inahesabiwa kuwa ndiyo muuaji, na mgonjwa anayefuata anafichwa zaidi. Wanaowahi kutibiwa, katika watu 100 hafi hata mmoja. Mgonjwa mahututi asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili mnazijua sasa: kuendesha choo kama maji yaliyooshewa mchele, tena na tena, mara nyingi bila homa na bila tumbo kukata, pamoja na kutapika. Usisubiri jogoo.

Njiani kuelekea kituoni, mgonjwa anywe. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ni ya lita moja kamili, imiminwe yote kwa mara moja. Msigawe pakiti nusu nusu. Hapa ndipo watoto wa Klabu waliona makosa mengi walipopita majumbani: chupa kubwa za maji za dukani zina lita moja na nusu, za soda nusu lita, na mama anatia pakiti kwa kukadiria. Pimeni. Ikikosekana pakiti: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Akitapika subiri dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko. Kila anapotoka chooni, mtoto wa miaka miwili hadi kumi apate nusu glasi hadi glasi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Wadogo zao walio chini ya miaka mitano waombewe zinki kituoni, na wakipewa, vidonge vimalizwe siku zote walizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma siku ya pili.

Maji ya nyumbani: yachemsheni hadi yatokote, au tumieni kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo moja ya lita 20, dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope chujeni kwanza kwa kitambaa safi, maana tope linaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Na ndoo iwe na koki au choteni kwa kata yenye mpini mrefu. Tulikuta nyumba nyingi zimetibu maji vizuri asubuhi, kisha kila mtoto akachovya kikombe na vidole vyake.

Inawezekana kufanya hivi bila taharuki. Mnakumbuka Desemba 9, 2015, kipindupindu kilipokuwa kimeshika mikoa mingi, gwaride la Uhuru likafutwa na nchi nzima ikashika mafagio. Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule tutafanya hivyo hapa: kila kaya ilete jembe, fagio au fyekeo, na kwa ajili ya mashimo mapya ya vyoo tunahitaji mafundi wawili. Matundu tuliyonayo hayatoshi, na mvua zijazo hazitatusubiri.

Mchango wa chakula. Mkutano wa wazazi wenyewe mlipitisha kilo kumi za mahindi na shilingi 5,000 kwa muhula. Kaya 231 hazijaleta kitu. Nimesikia ikisemwa kwamba uji ulikuwa hatari wakati ule. Uji unachemka, ndicho chakula kilichokuwa salama kuliko vyote walivyokula siku hizo, na vikombe vilisuuzwa kwa maji ya klorini mbele ya mwalimu wa zamu. Mtoto aliyekosa uji saa nne alikwenda kununua kachori kando ya mtaro. Sitamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya deni la mzazi, ila majina ya kaya yatasomwa mkutanoni, na yangu ikiwa sijalipa yasomwe pia. Wenye shida ya kweli waje kabla ya siku ya mkutano, tupange.

Sare zifuliwe na kushonwa. Vitabu virejeshwe kwa mwalimu wa darasa. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti ya kila mtoto.

Kila mwanafunzi arudi na kikombe chake chenye jina, kipande cha sabuni ya mche, na dumu tupu la lita tano kwa atakayeweza. Klabu ya Afya wanataka kuongeza vibuyu chirizi kumi upande wa madarasa ya awali, na msumari mwembamba wanao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu